Bunduki Mbili za Anko Pather: Ya Asili au Nakala?

Mama Estella mpendwa,

Nausoma ukurasa wako tangu nilipofika Durban, na kila mara niliwahurumia wenye barua huku nikijiambia kwamba mtu mwoga kama mimi, anayeangalia robot, taa ya barabarani, mara mbili hata ikiwa kijani, hawezi kufika mahali pa kuhitaji msaada wa gazeti, kumbe ni woga huohuo ulionifikisha, na sasa naomba unishike mkono kabla mwezi huu haujaisha, kwa sababu kuna mjane anasubiri jibu langu na mimi ninamkimbia.

Mimi ni Mrundi wa Bwiza, Bujumbura. Nilisoma sekondari kambini upande wa Kigoma, kisha nikamfuata mama yangu huku Afrika Kusini, nikapata kibali cha kudumu kwa karatasi zake, nikamaliza cheti cha uhasibu, na tangu hapo mimi ni karani wa stoo katika ghala moja la vigae huko Mobeni. Mwenye ghala alikuwa Bwana Pather, Mhindi wa Chatsworth, mtu mfupi mwenye tumbo na sauti ya kuimba, ambaye kazini tulimwita Bwana na nje ya kazi alitaka tumwite Anko. Alifariki mwaka jana, moyo ulisimama akiwa anamwagilia maua yake, na mpaka leo nasikia funguo zake zikija kwenye korido, ingawa ghala limeshauzwa na bosi mpya hana funguo, ana kadi.

Sasa naomba usicheke, Mama. Anko Pather alikuwa kauboi. Kuna klabu ya watu wanaokutana Jumamosi moja kila mwezi kwenye uwanja wa shabaha milimani, juu ya Pinetown, wamevaa kofia pana na vizibao na buti za zamani, kila mmoja ana jina la kujipa ambalo ndilo ataitwa siku hiyo, na wanasimama kwa zamu kupiga sahani za chuma kwa bunduki za mtindo wa kale huku saa ikihesabu. Aliniambia wanahitaji mtu wa kuandika matokeo, mtu ambaye saba yake haifanani na moja, nami nilishindwa kumkatalia bosi, mimi niliyetoka Bujumbura mwaka ule wa milio ya risasi, ambaye hata mlango wa lori ukifungwa kwa nguvu moyo wangu unashuka chini ya meza kabla yangu. Siku ya kwanza nilijifungia garini na vidole masikioni. Alikuja akagonga kioo, kofia imemfunika mpaka nyusi.

"Unaogopa?"

"Ndiyo, Anko."

"Vizuri. Kazi hii simpi mtu asiyeogopa. Vaa hivi vya masikio, njoo ukae nyuma ya meza, uandike namba tu. Ukitaka kukimbia, kimbia, lakini acha kalamu."

Sikukimbia. Na sijui ilitokea lini, Mama, lakini baada ya miezi sauti ile ikaacha kuwa sauti ya Bujumbura ikawa sauti ya Jumamosi. Nikisikia bunduki ikilia na sahani ikijibu, nilikumbuka tu kwamba baadaye tutakula viazi vya manjano ndani ya roti, ambavyo Anti Saras, mke wake, alivifunga mafungu mawili kila safari ingawa yeye mwenyewe hakukanyaga uwanjani hata mara moja, na fungu langu halikuwa na pilipili, kwa sababu aliwahi kuniona nikitokwa na machozi mezani kwake na hakusahau. Anko ndiye aliyenisukuma nifanye mtihani wa umahiri wa silaha, nikafaulu, na alinisimamia nilipopiga risasi zangu za kwanza, mkono wake juu ya bega langu muda wote.

Alikuwa na bunduki mbili ambazo ukiziona kwa mbali ni pacha. Zote ni za wenzo: chini ya kifyatulio kuna pete ya chuma, unaisukuma mbele, ganda linaruka, unairudisha, risasi nyingine imeingia. Moja ni ya asili, ilitengenezwa Amerika mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na kitako chake kimelika pale shavu la mtu linapolala, na si shavu la Anko, ni mashavu ya watu waliokufa zamani. Nyingine ni nakala, imetengenezwa Italia miaka ya karibuni, chuma kipya, spea zinaagizwa, ina kitufe kidogo cha usalama ambacho za kale hazikuwa nacho, na kitufe hicho kiliwaudhi wazee wa klabu kuliko kodi. Mmoja wao, fundi treni mstaafu aliyejipa jina la Mchungaji, hakuchoka kumchokoza.

"Pather, hiyo bunduki yako ni makaroni."

"Makaroni yanashibisha," Anko alimjibu. "Ya kwako ya asili imekwama tena leo, au nimesikia vibaya?"

"Imekwama kwa heshima. Wewe unayo ya asili nyumbani, unaificha ya nini?"

"Yule ni bibi kizee. Bibi kizee humkimbizi kila mwezi mbele ya watu."

Ni kweli hakumkimbiza. Fundi wa bunduki alishamwambia kwamba ndani ya mtutu wake kuna vishimo vya kutu, chuma chenyewe ni cha enzi ya baruti nyeusi na kitastahimili baruti nyeusi kidogo tu, na springi ikikatika hakuna pa kuagiza nyingine, itabidi ichongwe kwa mkono. Kwa hiyo aliitoa mara moja kwa mwaka, kwenye mwezi aliozaliwa, kwa risasi alizozijaza mwenyewe, na ikilia moshi mweupe ulimfunika mpaka tukaona kofia tu, harufu ya kiberiti ikatanda, na hata Mchungaji alivua kofia. Kisha aliisafisha kwa maji ya moto, akaifuta kama mtu anayemwogesha mtoto, akairudisha kwenye kasha. Mwaka mzima uliobaki alipiga kwa nakala.

Siku moja tukiwa njiani kurudi nilimuuliza kwa nini hajali wakimcheka. Alisema alipokuwa mtoto yeye na wenzake walitoka bioskopu, sinema ya Grey Street, wakiwa na mpini wa ufagio, wakapigana vita vya kauboi mpaka mama zao wakawaita, na kwamba miaka ile mtu wa rangi yake hakupata bunduki kirahisi, kwa hiyo alisubiri mpaka ana mvi. "Na tangu nizinunue hizi mbili," alisema, "sijapata hata moja inayolenga vizuri kama ufagio ule. Halafu niangalie mimi. Mtamili wa Chatsworth na kofia ya Texas. Mimi mwenyewe ni nakala, kijana. Nakala safi."

Nikamweleza habari za baba yangu, Zénon, fundi baiskeli wa Bwiza, ambaye Jumapili jioni alinipeleka kwenye chumba cha video, mabenchi ya mbao, jenereta inakohoa nyuma ya ukuta, filamu za kauboi zimetiwa Kifaransa, na tukitoka baba alitembea kwa miguu iliyotanuka mpaka nyumbani, vidole viwili vikielekea kwa kila mtu aliyemdai. Anko alicheka mpaka akasimamisha gari kando ya barabara. "Mimi na baba yako tulikuwa klabu moja," alisema akijifuta macho. "Ni vile tu hatukujulishwa."

Baba alibaki Bujumbura, akafa mimi nikiwa kambini. Mwaka wa msiba ulipoisha ukoo ulikutana kumaliza matanga, ile tunayoiita kuganduka, na mimi niliisikiliza kwenye simu iliyokuwa inakatika. Wewe Mama unajua desturi za upande wetu. Katika ukoo wetu kile alichokishika marehemu mkononi, zamani mkuki, siku hizi chochote cha kazi yake, kinakabidhiwa mbele ya watu kwa yule atakayesimama mahali pake. Kaka yangu mkubwa alipewa nyundo ya baba, na tangu siku hiyo namwita baba, na mahari za dada zetu na ugomvi wa uwanja na kila jambo zito vinapita kwake, na sauti yake imezeeka.

Sasa sikiliza kilichonipata. Mwezi uliopita Anti Saras alinialika kwenye sala ya mwaka mmoja ya Anko. Ukoo wote ulikuwepo, tulikula kwenye majani ya mgomba, na baada ya chakula Anti aliniita mbele yao wote, watoto wake wawili wa kiume wamekaa kulia na kushoto, akasema, "Bunduki mbili za Anko wako zimehifadhiwa kwa muuza silaha kule Pinetown. Tumekubaliana uchukue moja. Mimi siwezi kuzitofautisha, naambiwa moja ya kweli na nyingine ya kuiga. Wewe unajua. Chagua." Na Rajen, mtoto wake mkubwa anayeishi Johannesburg, akaongeza, "Chukua ile ya zamani, bru. Humu ndani hakuna wa kuishika."

Mama Estella, hebu ona mwenyewe. Mwaka umeisha, watu wamekula, mama wa nyumba anakabidhi silaha ya mzee mbele ya watoto wake, na mtoto mkubwa anakiri kwamba hakuna wa kuishika. Nikasema, "Nitafikiri," wakacheka kidogo, nikatoka bila kumalizia payasa yangu, ule uji wao mtamu wa maziwa.

Nilimweleza binamu yangu Anicet ninayepanga naye chumba, ambaye ni kinyozi, na alikuwa na mteja kitini, Mkongo mmoja anaitwa Doudou, nikakosea kumweleza palepale.

"Eish, wewe," Anicet alisema, mashine ikiendelea kunguruma. "Iko wazi kabisa. Hiyo ni levée, kuganduka kwenyewe. Wamekuweka."

"Labda ni zawadi tu."

"Zawadi ni saa ao shati. Bunduki ya mzee? Mwenye kushika mkuki anashika na nyumba. Anza kuzoea pilipili, mzee Pather."

"Na mjane je?" Doudou akauliza bila kugeuza kichwa. "Kwetu zamani mrithi alikuwa anarithi na mama ya nyumba."

"Anti Saras ana miaka sabini," nikasema.

"Basi hatakusumbua siku mingi," akasema, na saluni nzima ikaangua kicheko, na mimi nikatoka nje nikasimama barabarani.

Wao walisahau kesho yake, mimi sijalala vizuri tangu hapo. Nikichagua ya asili, ndiyo kusema nimekubali kuwa Anko, na mimi ni karani niliyepanga nusu ya chumba, nitawaambia nini watoto wa Anko walionizidi umri, na siku wakijua kwamba ya asili ina thamani kubwa mno kupita nakala si watasema nilimlaghai mama yao asiyejua kuzitofautisha. Nikichagua nakala, ndiyo kusema mbele ya ukoo nimeikataa nyumba, nimechukua cha kuiga nikaacha cha kweli, na Anti ataona mapenzi yangu kwa mumewe nayo yalikuwa ya kuiga. Na nikikaa kimya, muuza silaha amesema mirathi inafungwa mwisho wa mwezi, na bunduki isiyo na mtu itapelekwa polisi ikaharibiwe, zote mbili, pamoja na Jumamosi zangu zote.

Zamani nilikwenda kwa Anti kila Jumapili mchana. Sasa siendi. Anapiga simu naiangalia ikilia mpaka inanyamaza, na wiki hii alinitumia ujumbe wenye maneno mawili, "Chakula kipo," nikaweka simu chini ya mto kama mwizi.

Nishauri, Mama. Nichukue ipi? Na nitaingiaje tena kwenye nyumba ile?

Karani Mwoga, Mobeni

*

Mama Estella anajibu

Karani wangu, kaa vizuri, nitakupa pole kwanza halafu nitakugombeza.

Pole kwa baba wawili. Mmoja ulimaliza matanga yake kwa simu inayokatika, na wa pili ulipoalikwa kumaliza mwaka wake moyo wako ukafanya hesabu ya misiba yote miwili kwa pamoja. Sikushangai. Hata mimi niliyetoka Uvira, ningekalishwa vile, baada ya chakula, mbele ya watoto wa kiume, nami nikapewa silaha ya mzee, mgongo ungenisisimka.

Lakini wewe umesoma, mwanangu. Ukipokea mzigo ghalani ambao huuelewi, unamuuliza aliyeutuma au unamuuliza kinyozi? Umekabidhi jambo la nyumba ya Watamili wa Chatsworth kwa Mrundi mwenye mashine ya kunyolea na Mkongo mwenye povu shingoni, kisha umelala na hukumu yao mwezi mzima. Anicet anakupenda, ila siku ile alikuwa anafurahisha wateja. Na huyo Doudou mwambie habari ya kurithi wajane aiache hukohuko alikoitoa.

Jirani yangu dukani ni mama wa Kitamili, yeye anauza nguo, mimi nasuka nywele, tumepakana ukuta mmoja miaka mingi. Nimemuuliza, bila kutaja jina la mtu, kama kwao sala ya mwaka ni siku ya kumsimika mrithi kwa silaha. Aliacha kupima kitambaa. Akasema, "Estella, tunasali, tunakula, na vitu vya marehemu tunawapa waliompenda, ili visiishie kwenye pipa la taka." Sasa soma tena barua yako mwenyewe. Anti amesema tumekubaliana uchukue moja. Hakusema ushike nyumba. Rajen amesema hakuna wa kuishika, na mimi namsikia mtu wa Johannesburg ambaye hataki bunduki nyumbani mwake na anafurahi kumpata anayezijua. Alikuita bru, yaani ndugu. Mtu haitwi bru na anayemwogopa.

Nina neno jingine, na litakuchoma. Umeandika kurasa hizi zote ukiogopa kuwa mtoto wa nyumba ile. Nadhani nusu ya hofu hiyo ni tamaa. Ulitaka liwe kweli. Ulitaka kwa dakika moja mtu akuweke mkono begani mbele ya ukoo akuite wake, jambo ambalo simu ya Bujumbura ilikunyima. Hakuna aibu hapo. Ila usimfanye mjane alipe deni hilo kwa kumkimbia. Mumewe amekwenda, watoto wamerudi makwao, na kijana aliyekuwa anakuja Jumapili ameanza kuangalia simu yake ikilia. Ulipokuwa unahesabu heshima, hukuona kwamba amefiwa na mmoja na sasa ameachwa na wa pili.

Tuje kwenye bunduki. Chukua nakala.

Ninasema hivyo kwa maneno ya Anko wako, si yangu. Ni ipi aliyoipiga mwaka mzima? Ni ipi aliyoitetea mbele ya wenye dharau? Mkono wake begani mwako, siku ile ya kwanza, wewe ulikuwa umeshika ipi? Umesema alikusimamia na kwamba mara moja kwa mwaka ndiyo bibi kizee alitoka kashani, kwa hiyo najua ulishika nakala. Kwako hiyo ndiyo ya asili, na hakuna mtu wa klabu atakayekuonyesha nyingine. Halafu kuna akili ya kawaida. Mtutu wenye kutu ndani, springi isiyo na spea, chuma kinachotaka baruti ya kupimwa na mtu mzoefu: hicho si chombo cha kijana ambaye bado anashtuka mlango wa lori ukifungwa. Anko alikuwa na miaka ya kukijua. Wewe huna, na wa kukufundisha hayupo.

Ile ya zamani usiiache ikayeyushwa kwa sababu ya ukimya wako. Mpigie Rajen, mwambie waziwazi ina thamani gani na ina ugonjwa gani, na muende pamoja kwa yule muuza silaha wa Pinetown, wewe ukiwa mtu wa kueleza na yeye akiwa mtu wa kuamua. Wakitaka kuiuza kwa mkusanyaji, waiuze. Wakitaka fundi mwenye leseni aiue kabisa isiweze kulia, ikae ukutani, waulize sheria inasemaje. Ukishayasema hayo mbele ya mwenye mali, hakuna atakayekuita laghai, na wewe utalala.

Na ya kwako usiiguse kabla ya leseni. Cheti cha mtihani si leseni, na kibali chako cha kudumu usikichezee kwa haraka ya wiki moja. Iandikishe, lipa ada, nunua sanduku la chuma linalofungwa ukutani, na kwa kuwa unapanga nusu ya chumba na kinyozi mwenye marafiki wengi, tafuta kwanza chumba chako mwenyewe. Mpaka hapo ikae kwa muuza silaha. Mwambie leo kwamba ina mwenyewe, ili mwisho wa mwezi usiwe na nguvu juu yenu.

Kuhusu kuingia tena kwenye nyumba, usitume ujumbe na usimtume Anicet. Jumapili hii ukitoka ibadani pitiliza moja kwa moja. Usitunge hadithi ya kwamba ulikuwa na kazi nyingi, maana ghala linafungwa Jumapili na yeye anajua hivyo kuliko wewe, alikuwa mke wa mwenye ghala. Kula kwanza utakachopewa. Kisha mwambie kama ulivyoniambia mimi: "Anti, kwetu mwaka wa msiba ukiisha, anayepewa silaha ya mzee anakuwa mzee, na mimi niliogopa." Mweleze nyundo ya baba yako. Mweleze na simu iliyokatika. Halafu muulize alimaanisha nini, maana mimi na jirani yangu tumekisia tu, na mwenye neno yupo hai.

Anaweza kucheka. Anaweza kulia. Yote mawili yanaweza kuja kwa zamu, kama yanavyokuja kwa mwanamke wa miaka sabini aliyekaa na sufuria la watu wengi peke yake. Likitokea lolote, usitazame saa, usisimame, usiombe radhi kila dakika. Kaa naye mpaka amalize.